Nilikwenda Tendaguru Kuangalia Shimo

Kwetu Lindi mjusi ni yule kafiri anayejificha nyuma ya picha ukutani, halafu usiku anadondokea kwenye sinia la wali. Kwa hiyo nilipoambiwa darasa la tatu kwamba Wajerumani walimchimba mjusi Tendaguru wakampakia melini, niliona mjusi kafiri mkubwa kama msikiti, macho kayatumbua, kafungwa kamba miguu yote minne. Jioni nikamuuliza bibi yule mjusi alikuwa anakula nini. Bibi yangu Mmwera, mtu wa majibu mafupi, aliendelea kupepeta mchele wake na kusema: "Watoto wasiolala mchana."

Nikaishi na jibu hilo miaka mingi. Kilichonitoa nyumbani ni binamu yangu anayeishi Ujerumani. Alikwenda Berlin, kwenye makumbusho yenye mifupa ya yule mjusi, ambaye kumbe ni dinosaria, akapiga picha kasimama kwenye mguu wa mbele wa yule mnyama, kichwa chake hakijafika hata gotini, akanitumia na sauti ya sekunde tano: "Ndugu yangu, huyu si wa kwetu huyu?" Mimi niko Lindi mjini. Tendaguru iko kama kilomita 60 kaskazini-magharibi yangu. Mtu amevuka bahari mbili kumwona mjusi, na mimi sijawahi kwenda kuona alikotoka. Niliona aibu, na aibu ikiniingia huwa natafuta bodaboda.

Tuliondoka alfajiri mwezi wa tisa. Mwezi huo ndio wenyewe: ufuta umeshavunwa, mikorosho imetoa maua, na ukipita asubuhi ile harufu yake tamu inakukaa kooni. Lami hadi Mchinga haina maneno. Ukiiacha na kuingia bara kuelekea Mipingo, hapo ndipo safari inaanza kukudai. Tulipata pancha mbili. Ya pili kijana wa bodaboda aliiziba huku ananiuliza, kwa heshima kabisa, kama huko niendako kuna madini. Nikamwambia hapana, kuna shimo. Akanyamaza. Baadaye akauliza: "Shimo tu?"

Kijijini tulipewa mzee wa kutupeleka, mtu wa miaka sabini na kitu, kofia ya kufuma, kandambili, panga mkononi. Nikamwamkia shikamoo. "Marahaba mwanangu. Umekuja kumwona mjusi?" Nikasema ndiyo. Akatazama jua, akanitazama mimi. "Umechelewa."

Jina Tendaguru wanasema kwa Kimwera ni kilima chenye mteremko mkali. Mimi sikuuona huo ukali. Ni mwinuko wa kawaida uliofunikwa miombo, mianzi na nyasi za kufika kifuani, na kama huna mwenyeji unapita pembeni yake unatafuta Tendaguru. Tulipanda tukikata nyasi kwa muda, mzee akasimama mahali pakavu, akanyoosha panga. "Hilo hapo."

Niliangalia. Palikuwa na bonde dogo, kama bwawa lililokauka zamani na kusahaulika. Miti imeota katikati. Mmoja ulikuwa mnene kiasi cha kuukumbatia, maana yake una umri wa kumzidi mzee mwenyewe. Kijana wa bodaboda alikuwa nyuma yangu. Hakusema kitu, lakini nilimsikia akikohoa kile kikohozi cha mtu anayehesabu mafuta.

Mashimo ya Tendaguru yalikuwa mengi, na Wajerumani waliyapa herufi na namba kama makabati ya ofisini. Shimo St lilitoa mamia ya mifupa ya Kentrosaurus, mnyama mwenye miiba mgongoni na mkiani. Shimo Ig lilitoa kundi zima la dinosaria wadogo wanaotembea kwa miguu miwili. Na shimo S II ndilo lililotoa sehemu kubwa ya yule wa Berlin, ambaye kitaalamu siku hizi ni Giraffatitan brancai: mita 13.27 kutoka sakafuni hadi utosini, mifupa ya mnyama mrefu kuliko wote waliosimamishwa katika jumba la makumbusho popote duniani. Alisimamishwa mwaka 1937. Nilimuuliza mzee kama hili letu ndilo S II. Akasema yeye anayajua kwa njia za mbuzi.

Basi tukashuka kwenye korongo la jirani, ambako mvua za miaka zimekata ukingo na ardhi imeachwa wazi kama keki. Hapa nilikaa muda mrefu kuliko nilivyopanga.

Chini udongo wa kijivujivu, juu yake mchanga mgumu, juu tena udongo wenye wekundu. Mzee alipiga panga kwenye ule mchanga mgumu, kipande kikaachia, ndani kuna makombe. Makombe ya baharini, yenye mistari, yamegeuka jiwe, umbali wa siku nzima kwa miguu kutoka pwani. Wanajiolojia wanasema Tendaguru ina matabaka matatu yenye mifupa ya dinosaria, na kila mara juu yake limelala tabaka la bahari lenye makombe. Kwa jumla unene wake unapita mita 100. Ukilisoma hilo kitabuni ni mchoro. Ukiwa umelelewa Lindi ni jambo unaloliona kila siku kutoka barazani: maji yanajaa, maji yanakupwa. Yakikupwa, tope linabaki, mikoko inasimama kwa mizizi yake, akina mama wanaingia na vikapu kutafuta chaza, na asiyejua pa kukanyaga anazama hadi magotini. Tendaguru ilikuwa hivyo hivyo, pwani ya mabwawa na tope, ila kujaa na kukupwa kwake kulichukua miaka mingi mno. Wapo wataalamu wanaoeleza kwamba baadhi ya wale wakubwa walinasa topeni wakashindwa kujinasua. Nililiamini papo hapo. Nimewahi kuacha kandambili kwenye tope la aina hiyo, na mimi ni kilo sitini na tano.

Miaka yenyewe ni milioni 150. Namba hiyo haishikiki, kwa hiyo njiani kurudi nilijaribu kuitembea. Fanya hatua moja ya mguu ni miaka 1,000. Vita vya Majimaji hujainua hata unyayo, umesogeza vidole tu. Ibn Battuta aliyefika Kilwa mwaka 1331 yumo ndani ya hatua hiyo moja, na kuta zilizobaki za msikiti mkuu wa Kilwa Kisiwani pamoja naye. Sasa endelea kutembea. Ili umfikie mjusi unahitaji hatua 150,000, na kwa mwendo wangu hizo zinatoka Lindi mjini zinafika Mtwara. Kwa miguu, siyo kwa basi. Ukifika Mtwara umechakaa, ndipo unamkuta anakula majani.

Lakini mimi kilichonikaa zaidi ni vile vidole.

Tunasimuliwa kwamba mwaka 1906 mhandisi wa madini, Bernhard Wilhelm Sattler, alikuta mifupa mikubwa imejitokeza juu ya ardhi karibu na Tendaguru, akapeleka habari. Mwaka 1907 akaja Profesa Eberhard Fraas kuthibitisha. Mwezi wa nne 1909 msafara wa makumbusho ya Berlin ukaanza kuchimba chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, ukaendelea hadi 1913. Hivi ndivyo inavyosimuliwa kila mahali, na yote ni kweli. Sasa tazama tena hiyo miaka. Majimaji ilianza kule Matumbi mwezi wa saba 1905. Wamwera waliingia vitani, misheni ya Nyangao ikachomwa mwaka huo huo. Serikali ya Kijerumani ikajibu kwa kuchoma mashamba na maghala mpaka njaa ikamaliza kazi ambayo bunduki haikuimaliza. Makadirio ya chini ya waliokufa ni watu 75,000, wapo wanahistoria wanaofika 300,000. Sattler "anagundua" mifupa vita havijaisha. Msafara unaandika vibarua wake wa kwanza huku watu wa kusini ndiyo kwanza wanarudi kwenye mahame yao kutafuta mbegu.

Katika mwaka wa kazi kubwa kabisa vibarua walifika karibu 500. Walichimba, walipasua, walifunga, walibeba. Plasta ya kutoka Ulaya isingetosha kamwe, hivyo mifupa ilikandikwa udongo wa hapo hapo na kufungwa kwa mianzi ya hapo hapo. Mzee alipoona naangalia mianzi aliangusha mmoja, akaupasua kwa panga mara nne bila kuutazama, akazikunja zile fito zikazunguka mkono wangu kuanzia kiwiko hadi kwenye vidole, akafunga kwa gome. Ilimchukua dakika mbili. Nilijaribu kuutikisa mkono, haukucheza. "Hivi ndivyo unavyobeba kitu usichotaka kivunjike," akasema. Nikamuuliza nani alimfundisha. Kwani kusuka tenga kunafundishwa?

Kutoka hapo hadi bandari ya Lindi ilikuwa safari ya siku nne, mizigo kichwani na mabegani, mfupa mzito umetundikwa kwenye mti kati ya wanaume. Hapakuwa na gari wala mnyama wa kubeba, mbung'o wasingemwacha hai. Zaidi ya tani 200 zilishuka hivyo, mguu mbele ya mguu, hadi melini. Mimi nilikuja na bodaboda na pancha mbili na bado mgongo uliniuma siku tatu.

Mzee, babu yako alikuwepo?

Alifikiri. "Babu alibeba mizigo kwenda Lindi. Mizigo gani, hakusema. Wakati ule mzigo ulikuwa mzigo."

Yupo mnyapara mkuu, tunamjua kwa jina kamili, Boheti bin Amrani. Mwenye kusoma kumbukumbu za msafara anamkuta kila mahali: anasimamia mashimo, anafunua mifupa dhaifu kwa mkono ambao Wajerumani wenyewe waliukubali. Nadhani alijua kuhusu mifupa ile mambo ambayo hayakuandikwa kwa sababu hakuna aliyemuuliza kwa maandishi. Yule mnyama mkubwa kuliko wote alipewa jina la mkurugenzi wa makumbusho, Wilhelm von Branca, ambaye hakuinua udongo wa Tendaguru hata koleo moja. Boheti alisubiri hadi 2007 ndipo dinosaria mmoja akaitwa Australodocus bohetii. Mwaka 2019 akafuata Wamweracaudia keranjei, kwa ajili ya Mohammadi Keranje, mnyapara mwingine wa mashimoni, na kwa ajili ya Wamwera. Sehemu ya kwanza ya jina hilo maana yake ni mkia wa Wamwera. Nawaomba wasomaji wangu Wamakonde wasilisambaze. Tuna watani wa kutosha.

Nilimweleza mzee habari ya majina hayo tukiwa tumekaa kivulini tunakunywa maji. Alilirudia jina la Keranje taratibu, mara mbili, kama mtu anayeonja chumvi. La mkia hakulicheka. Aliuliza kama mkia wenyewe ni mrefu.

Najua swali linalosubiriwa hapa, la mjusi kurudi. Limeshafika Bungeni zaidi ya mara moja na kila likifika vijiwe vya kahawa vya Lindi vinapamba moto. Zamani nilikuwa upande wa arudi kesho. Siku hizi najibu polepole, na wengine wananiona nimegeuka. Mifupa ile ni ya huku, hilo halina mjadala kwangu: iliondoka chini ya serikali iliyokuwa imejitangazia ardhi ya watu, na aliyeibeba hakuwa na nafasi ya kusema hapana. Lakini mjadala wote umekuwa wa yule mmoja aliyesimama ukumbini, kwa sababu ndiye anapigwa picha. Waliobaki je? Binamu yangu alinisimulia kwamba makumbusho yale yana chumba cha chini kwa chini kwa ajili ya mifupa tu. Na inajulikana kwamba mafurushi kadhaa ya Tendaguru yalikaa huko kwa makumi ya miaka bila kufunguliwa, bado yamo ndani ya mianzi yake na udongo wake. Mengine yaliteketea mabomu yalipoiangukia Berlin katika Vita vya Pili vya Dunia. Mfupa ulale milioni 150 chini ya ardhi ya Lindi, ufukuliwe na mtu mwenye njaa, ubebwe siku nne, uvushwe bahari, halafu urudi kulala chini ya ardhi ya Berlin bila hata kufunguliwa. Ningepewa nafasi ya kudai kitu kimoja nisingedai jitu zima. Ningedai furushi moja, hivyo hivyo lilivyofungwa, fundo la mtu wa hapa bado limekaza.

Na ningependa kabla ya hapo tuwe na njia ya kufika kwenye shimo isiyotegemea mbuzi. Siku ile, pale tulipopita, sikuona kibao wala jiwe linalosema Boheti bin Amrani alifanya kazi hapa. Labda kipo upande mwingine wa kilima. Nyasi zilikuwa ndefu.

Waingereza nao walikuja, kuanzia 1924 hadi 1931. Sitawaelezea sana, walikuta wenzao wameshakula nyama. Kiongozi wao wa kwanza, William Cutler, aliuawa na malaria mwaka 1925 na kuzikwa Lindi. Kwa hiyo kwenye ile biashara yote ya kutoa mifupa, nao walituachia.

Tulianza kushuka saa tisa. Karibu na mguu wa kilima tulisikia kishindo kidogo, tup, tup, kinatoka chini. Kijana wa bodaboda alisimama. Mzee akacheka, akaita kwa Kimwera, na sauti ya mwanamke ikajibu kutoka ardhini.

Walikuwa wawili, mama na binti yake, wanachimba ming'oko. Kwa asiyetoka kusini: hiki ni kiazi cha porini, chembamba, kinashuka chini kama kinakimbia mtu, na ukikitaka kizima bila kukikata unachimba kukifuata mpaka mwisho wake. Stendi ya Lindi kinauzwa kimechemshwa na chumvi, unakimenya kwa meno ukisubiri basi lijae. Mama alikuwa ndani ya shimo hadi kiunoni. Alichimba kwa muo, akausimika, akainama, akazoa udongo kwa mikono akaurusha nje, akaushika tena muo. Akifika karibu na kiazi anauweka kando na kutumia vidole peke yake, anakwangua pembeni, anapuliza vumbi, anakwangua tena. Nilishamwona mtu anafanya hivyo, kwenye picha ya zamani ya Tendaguru, kainamia mfupa wa paja mrefu kuliko yeye.

Lilikuwa shimo refu kuliko la mjusi tulilotoka kuliangalia.

"Mwaka wa njaa ndiyo chakula hiki," mzee akasema. Nikauliza njaa ipi. Akainua mabega. Zote.

Mama alitoa kiazi cha tatu, akakipangusa kwenye kanga na kunipa. Pamoja na udongo alikuwa ametupa nje kipande cha kitu, kizito, rangi ya kijivu, upande mmoja laini na upande mwingine una vitundu vidogo kama mkate. Nikakiokota. Kilijaa kiganja. Nilimtazama mzee, mzee akanitazama.

"Kirudishe," akasema.

Nikainama nikakiweka ukingoni mwa shimo. Mama alipanda juu kwa kushikilia mkono wa binti yake, akajikung'uta, akaanza kusukumia udongo ndani kwa mguu. Shimo likiachwa wazi huku, alisema, mbuzi wanavunjika. Kile kipande kilitangulia, udongo ukafuata. Halafu akageuka akaniuliza kama bodaboda yetu ina nafasi ya tenga moja hadi Mchinga.

Ilikuwa nayo. Nililipakata mimi.